Mtoto Ajue Kwamba Shule ni Yake

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Burumba



Halmashauri ilitutaka tuseme maneno machache juu ya watoto wanaosaidiwa na Chama katika masomo yao. Kazi yetu sisi makarani ni kuandika yale ambayo wengine wamekwisha kuyasema. Kwa hiyo twaomba radhi mapema ikiwa maneno yetu yatakuwa makavu kama daftari. Lakini daftari lenyewe ndilo lililotuzuia kukataa, maana mwaka huu limetuonyesha jambo ambalo hatukupenda kuliona.

Katika kitabu chetu cha elimu mna kurasa mbili zinazotazamana. Upande wa kushoto twaandika fedha zilizotoka: karo za walio sekondari, na sare, madaftari na fedha za chakula cha mchana kwa walio katika shule za msingi. Upande wa kulia twabandika stakabadhi. Mwaka huu kurasa hizo zililingana hata shilingi ya mwisho, na mkaguzi wetu amekwisha kutia sahihi yake. Lakini watoto watatu waliolipiwa kila kitu hawakuwamo darasani. Stakabadhi zilikuwapo, watoto hawakuwapo, na katika kitabu hamkuwa na ukurasa wa kuandika habari hiyo.

Tulikwenda kuwatafuta. Mmoja wao tulimkuta asubuhi ya siku ya shule, karibu na mpaka, amejitwika karai la nyanya. Ni msichana wa darasa la sita. Hatutamtaja jina lake wala la shule yake, na sababu yake mtaiona hivi punde. Tulimwuliza kwa upole kama sare aliyopewa imechanika. Akasema la. Tukamwuliza kama imekuwa ndogo. Akasema la, imekunjwa nyumbani. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Sare ile ni ya Chama, si yangu."

Wanachama mtaikumbuka siku tuliyopeleka sare zile. Wanafunzi wote walipangwa mistari uwanjani. Waliochaguliwa waliitwa kwa majina, mmoja mmoja, wakasimama mbele ya wenzao, na ikatangazwa kwamba hao ni mayatima na watoto wa wasiojiweza. Walipewa sare mikononi, wakapigwa picha pamoja na viongozi wa Chama, na picha hiyo imo katika kijitabu cha mwaka uliopita. Sisi wenyewe ndio tuliosoma orodha ya majina, tena kwa sauti kubwa, ili hata waliokuwa nyuma wasikie. Tulirudi nyumbani na furaha. Kesho yake, wakati wa mapumziko, yule msichana alikwisha kupewa jina jipya. Wenzake walimwita "Msaada". Akiomba kuazimwa kalamu, aliambiwa angoje Chama kije. Alivumilia muhula mmoja, na wa pili hakuufikisha mwisho.

Kosa hili si la mwalimu yeyote, wala si la watoto wale, maana watoto hucheza kwa kile wanachopewa na wakubwa. Kosa ni letu. Tulimnunulia mtoto nguo ya kumfanya afanane na wenzake, kisha tukamvika kwa namna ya kumtenga nao. Kwa hiyo jambo tunalotaka kulisema leo ni hili moja: haitoshi mtoto alipiwe shule; hapana budi ajue kwamba shule ni yake. Akijiona mgeni, ataondoka kama mgeni aondokavyo, hata kama karo yake imelipwa mpaka mwisho wa mwaka.

Mtoto hasemi mambo haya kwa kinywa, lakini kila asubuhi anajiuliza moyoni. Je, yuko hapa mtu anijuaye kwa jina langu? Nisipokuja kesho, yuko atakayeuliza habari zangu? Je, iko kazi hapa ambayo nisipoifanya mimi itakaa bila kufanywa? Akijibiwa ndiyo, atatembea maili nyingi na tumbo tupu ili asichelewe. Akijibiwa siyo, stakabadhi yetu haitamrudisha.

Mzee mmoja, ambaye twamheshimu sana, alipolisikia jambo hili alituambia: "Sisi tulikwenda shule bila viatu, tukapigwa, na tukasoma. Nani alituuliza kama twajiona wenyeji?" Neno la mzee ni la kweli, nasi hatulipingi. Lakini twaomba alitazame tena. Mwalimu aliyempiga alimjua baba yake. Jioni alipita nyumbani kwao, akapewa kiti na uji. Watoto aliokaa nao darasani ndio aliochunga nao mbuzi. Hakuna aliyehitaji kumwuliza kama ni mwenyeji, maana wenyeji wake ulikuwa umemzunguka pande zote kama ua wa boma.

Leo Burumba si hivyo, wala Malaba. Miji hii yetu ni ya watu waliokuja. Malori yaendayo Kampala, Kigali na Juba husimama foleni Malaba, na kila foleni huzaa vibanda vya chakula, na kila kibanda kina mama mwenye watoto. Mama akiona biashara imepungua Malaba huhamia Busia, na mtoto huingia shule mpya katikati ya muhula, mahali ambapo hakuna ajuaye baba yake ni nani. Tena madarasa yamejaa. Tangu Januari 2003, serikali ya Kenya ilipoondoa karo katika shule za msingi, watoto wengi waliingia kwa pamoja, nasi twashukuru kwa hayo. Lakini mwalimu mwenye darasa lililofurika aweza kukaa muhula mzima asiyajue majina yote. Mtoto aliyenyamaza nyuma ndiye wa mwisho kujulikana, na ndiye wa kwanza kupotea.

Juu ya hayo, sisi tunao mpaka. Tusiusahau, maana watoto hawausahau. Mwaka 1902 Waingereza waliitoa sehemu ya mashariki ya Uganda wakaitia katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya, na tangu hapo Wateso na Wasamia wamekuwa watu wa nchi mbili. Mto Malaba na mto Sio, ambayo zamani wazee waliivuka kwenda kuposa na kuzika, ikawa alama za mpaka. Lakini ndoa hazikukoma, wala mazishi hayakukoma. Wengi wetu tulio katika chumba hiki tuna mjomba au shangazi upande wa pili. Hata neno "bodaboda", ambalo sasa lasemwa Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa hapa mpakani kwa wale wenye baiskeli waliowavusha abiria kutoka kituo kimoja hadi cha pili.

Basi na watoto nao huvuka. Uganda ilianza elimu ya msingi bila karo mwaka 1997, miaka sita kabla yetu, na wako watoto wa upande huu waliopelekwa kwa bibi zao kusoma huko. Baadaye mambo yakageuka. Ugonjwa wa korona ulipoingia, shule zilifungwa pande zote mbili mwezi wa Machi 2020. Zetu zilifunguliwa kwa wanafunzi wote tarehe 4 Januari 2021. Za Uganda hazikufunguliwa kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Kwa mwaka mzima, mtoto wa upande huu alikwenda shule asubuhi, na binamu yake aliye umbali wa kutupa jiwe akabaki nyumbani.

Mtoto wa namna hiyo akija kwetu huitwa "Mganda". Wetu akienda kule huitwa "Mkenya". Majina hayo si matusi kwa mtu mzima; lakini kwa mtoto wa miaka tisa, yakisemwa kila siku badala ya jina alilopewa na wazazi wake, maana yake ni moja tu: wewe si wa hapa.

Wazee, kama kuna watu duniani wasiopaswa kumwambia mtoto neno hilo, ndio sisi. Itazameni familia ya marehemu Kasisi Jeremiah Awori wa Usamia. Mwanawe mmoja, Moody Awori, alikuwa mbunge wa Funyula na akawa Makamu wa Rais wa Kenya tangu mwaka 2003 hadi 2008. Mwanawe mwingine, marehemu Aggrey Awori, alikimbia katika michezo ya Olimpiki kwa ajili ya Uganda mwaka 1960 na mwaka 1964, akagombea urais wa nchi hiyo mwaka 2001, kisha akawa waziri katika serikali yake. Ndugu wawili wa nyumba moja, kila mmoja akajulikana na kuheshimiwa katika nchi aliyoitumikia. Nani angethubutu kuwaambia utotoni ni yupi mwenyeji na ni yupi mgeni?

Tena sheria iko upande wa mtoto. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yasema kwamba kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Imesema "kila mtoto", haikuweka neno jingine mbele yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumbagua mtoto aombaye nafasi ya shule kwa sababu ya kabila, dini, lugha, ulemavu au asili yake. Sheria hiyo hiyo inakataza kumtesa mwanafunzi mwili au akili. Kiboko kilikwisha kuondolewa katika kanuni za shule mwaka 2001. Lakini tuangalie lile neno la pili, mateso ya akili. Jina la dhihaka likirudiwa kila siku mbele ya watu wazima wanaocheka, hilo nalo ni kiboko, na alama yake haionekani mgongoni.

Sasa tuseme juu ya lugha, maana mtoto mgeni hujulikana kwanza kwa ulimi. Mtoto wa Kiteso ahamiapo Burumba huwakuta wenzake wakizungumza Kikhayo au Kisamia. Mtoto wa Kikhayo ahamiapo Malaba huwakuta wakizungumza Kiteso. Lugha hizi hazifanani hata kidogo. Mmoja hawezi kubahatisha neno la mwenzake. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza watoto wa madarasa matatu ya kwanza wafundishwe kwa lugha ya mahali pao, na shauri hilo lilikuwa jema. Lakini katika miji ya mchanganyiko kama yetu, lugha ya mahali ni ipi? Kwa wengi wetu jibu limekuwa Kiswahili, na Kiswahili kimetufaa, maana hakuna anayekidai kuwa cha baba yake peke yake.

Hata hivyo tusimfanye mtoto aionee haya lugha ya mama yake. Wazee wengi hapa wanakijua kile kibao kilichotiwa shingoni mwa mtoto aliyesikika akisema lugha ya nyumbani, naye akangojea kumsikia mwingine ili amvike yeye. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi yalivyokuwa hayo katika shule za utoto wake, na jinsi watoto walivyofunzwa kwa njia hiyo kuwavizia na kuwachongea wenzao. Kibao kile hakikuongeza Kiingereza hata neno moja. Kilichoongezeka ni watoto wakimya. Na mtoto aliyenyamazishwa katika lugha anayoijua, atapata wapi ujasiri wa kusema katika lugha asiyoijua?

Labda mtu atasema: mambo haya ni magumu, mwenye kujiona mgeni atajiona mgeni tu. Sisi twakataa, na ushahidi wetu ni mzee. Mwezi wa Januari 2004, mzee Kimani Ng'ang'a Maruge, mwenye umri wa miaka 84, alikwenda katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, akaomba kuandikwa darasa la kwanza. Alikuwa amesikia kwamba elimu ni ya bure kwa wote. Alivaa kaptula na soksi ndefu kama wanafunzi wengine, akakaa pamoja na watoto wa umri wa vitukuu. Kama yuko mtu aliyestahili kujiona mgeni katika darasa, ndiye huyo. Lakini mwalimu mkuu, Bibi Jane Obinchu, alimpokea, naye akakaa. Mwaka 2005 alichaguliwa kiranja mkuu wa shule, na mwaka huo huo akasafiri mpaka New York kuutetea ujumbe wa elimu ya bure mbele ya Umoja wa Mataifa. Alifariki mwaka 2009.

Katika habari ya mzee Maruge twaomba mtazame neno moja. Hakuwekwa kando kama kitu cha ajabu cha kuonyeshwa wageni tu, alipewa kazi. Aliyekuwa mgeni kuliko wote akawa mwenye kuwaambia wengine wapange mistari. Nasi Waswahili tunasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu hudhani methali hiyo ni ya kumfukuza mgeni kwa adabu. Sisi twadhani maana yake yaweza kuwa nyingine. Apewaye jembe ameonyeshwa shamba. Ameambiwa kwamba mkono wake unahitajiwa, na kwamba mavuno yatakapokuja hatakuwa mwombaji.

Jambo hili tumelionja wenyewe. Tulipoingia kidato cha kwanza katika shule moja ya bweni ya misheni, tuliitwa "mono", kama waitwavyo wageni wa bweni katika nchi hii. Tulinyang'anywa sabuni, tukaamshwa usiku kuwachotea wakubwa maji, tukachekwa kwa jinsi tulivyotamka maneno. Wiki ya pili tulikwisha kufunga sanduku ili kutoroka. Asubuhi ile mwalimu mmoja alituita kwa jina letu kamili, akatukabidhi ufunguo wa chumba cha taa, akasema kuanzia leo tutaziwasha sisi umeme ukikatika. Ilikuwa kazi ndogo. Lakini jioni ile umeme ulikatika, na bweni zima lilikaa gizani likitungojea. Hatukutoroka. Lau si ufunguo ule, Chama hiki kingekuwa na karani mwingine.

Hata wataalamu wa mbali wameliona jambo hili. Mwaka 2011 wasomi wawili wa Marekani, Gregory Walton na Geoffrey Cohen, waliandika habari ya wanafunzi wapya wa chuo kikuu. Waliwasomesha baadhi yao maneno ya wanafunzi waliotangulia, waliosema kwamba wao pia mwanzoni walijiona si wa pale, na kwamba baadaye hofu ile iliondoka. Kazi yote ilichukua kama saa moja. Wanafunzi weusi waliosikia maneno hayo walipata alama bora kuliko weusi wenzao wasioyasikia, na faida hiyo ilionekana kwa miaka mitatu. Hawakuongezewa fedha wala vitabu. Waliambiwa tu kwamba ugeni ni jambo la kila mtu, na kwamba hupita. Hakuna shule mpakani hapa iliyo maskini hata ishindwe kumwambia mtoto maneno hayo.

Basi, Bwana Mwenyekiti, twaleta mbele ya mkutano maombi matano, ili wanachama wayakubali au wayakatae.

Kwanza, sare zisigawanywe tena uwanjani. Mzazi au mlezi apewe hati, aende kwa fundi cherehani pamoja na mtoto, mtoto apimwe mabega na kiuno kama watoto wote wapimwavyo, na fundi aje kwetu kudai fedha zake. Mtoto atakumbuka kwamba nguo yake ilishonwa kwa kipimo chake.

Pili, majina ya wanaosaidiwa yakae katika kitabu cha karani, na kitabu kikae chini ya kufuli. Kijitabu cha mwaka huu hakina picha ya mtoto hata mmoja, nasi twaomba iwe desturi. Twajua kwamba mwenye kutoa hupenda kujulikana, wala si dhambi. Basi majina ya wenye kutoa yasomwe hapa, katika mkutano huu, na wapigiwe makofi. Mtoaji aheshimiwe mbele ya watu wazima wenzake. Asiheshimiwe kwa kumwaibisha mtoto mbele ya watoto wenzake.

Tatu, tuwaombe walimu wakuu kwamba kila mtoto mgeni apewe mwenzi, mtoto aliyeingia mwaka uliotangulia, na ikiwezekana mwenye kuijua lugha yake. Huyo amwonyeshe choo kilipo, bomba lilipo, na wapi pa kukaa wakati wa chakula. Kisha katika wiki ya kwanza mtoto apewe jembe lake: kugonga kengele, kufuta ubao, kugawa madaftari, kumwagilia miche. Na wale walio wakubwa kuliko darasa lao, na wasichana waliozaa wakarudi shuleni kama mwongozo wa serikali wa mwaka 2020 unavyowaruhusu, wapewe kazi ya heshima zaidi, maana wao ndio wanaochekwa zaidi.

Nne, mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hukaa katika shule kama mtu aliyesimama mlangoni. Siku hizi wanafunzi huandikwa katika daftari la serikali la kompyuta, na cheti hutakiwa. Kwa watoto waliozaliwa upande mmoja na kulelewa upande wa pili jambo hili huwa gumu, na wazazi wengi huogopa ofisi. Sisi tuko tayari kukaa ofisini kila Jumamosi asubuhi kuwasaidia kujaza fomu na kuwaeleza hati zinazohitajiwa. Hatutatoza kitu.

Tano, na hili ni la wazee. Twaomba wazee wawili kwa kila shule ambayo tuna watoto, waende mara moja kwa mwezi. Wasiende kukagua, wala wasiende kuhutubu. Wamsalimu mwalimu mkuu, waketi, waulize: ni nani hakuja wiki hii? Kisha wapite nyumbani kwake. Mtoto akisikia kwamba mzee mwenye mvi alitembea kwenda kuuliza habari zake, hatasahau. Nasi tutaongeza ukurasa wa tatu katika kitabu, wa kuandika sio fedha bali siku ambazo mtoto alikuwapo.

Maombi haya hayana gharama kubwa. Yanatutaka tuache kitu ambacho tulikipenda, yaani kuonekana. Twajua ni kigumu, maana hata sisi tulipenda kusikia sauti yetu siku ile uwanjani.

Yabaki maneno ya mwisho juu ya wale watoto watatu. Mmoja, mvulana, alirudi shuleni baada ya wazee wawili kwenda kuongea na mjomba wake. Wa pili alihama na mama yake kuvuka mpaka. Tumetuma salamu, lakini hatujapata jibu, na ukurasa wake ungali mtupu. Wa tatu ni yule msichana wa nyanya. Halmashauri ilikubali ashonewe sare nyingine na fundi, kwa kipimo chake, na mama yake ndiye aliyempeleka. Mwalimu wake wa darasa, ambaye sisi hatukumwomba neno lolote, alimpa ufunguo wa kabati la vitabu.

Tulikutana naye tena njiani, majuma machache yaliyopita, asubuhi na mapema, wala hakuwa na karai kichwani. Tulimwuliza habari za shule. Alituambia kwamba hana nafasi ya kusimama, maana asipofika mapema wenzake watakosa vitabu. Akatuamkia kwa adabu, akapita. Hakutaja Chama hata kidogo.

Bwana Mwenyekiti, hiyo ndiyo taarifa njema kuliko zote tulizo nazo mwaka huu, na haimo katika hesabu.  Mungu awabariki, na atulindie watoto, wa upande huu na wa upande wa pili.